Mwalimu wa Piano Aliyeishi Miaka 110



Kila tukutanapo katika sherehe yetu, mazungumzo huanza na habari za kazi, yakahamia kwa watoto na ada za shule, na mwisho yakatua kwa walimu. Nani alikuwa mkali. Nani aliingia darasani mikono mitupu na kutoa somo zima kutoka kichwani. Nani alitulazimisha kuhifadhi mashairi ambayo wakati ule tuliyaona hayana kazi yoyote. Miaka imepita zaidi ya ishirini, madaftari yameliwa na mchwa, lakini mashairi bado tunayo.

Jambo hilo ndilo lililonifanya nieleze katika makala haya historia ya mwalimu ambaye hakufundisha nchini kwetu wala hakutujua, lakini maisha yake yanajibu swali linalotuhusu sote: alichotufundisha mwalimu kitatufaa nini siku mambo yakiharibika? Mwalimu huyo ni Bibi Alice Herz-Sommer, mpiga piano na mwalimu wa piano, aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 2014.

Malezi yake

Bibi Alice alizaliwa pamoja na pacha wake, Mariana, tarehe 26 Novemba 1903 katika mji wa Prague. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Mwaka 1918 ukawa mji mkuu wa Chekoslovakia, na tangu mwaka 1993 ni mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye kuzungumza Kijerumani, na nyumba yao ilipenda wageni, vitabu na muziki. Miongoni mwa wageni alikuwamo mwandishi Franz Kafka, rafiki wa familia, ambaye aliwasimulia watoto hadithi.

Mwalimu wake wa kwanza wa piano alikuwa dada yake mkubwa, Irma. Baadaye alisoma kwa mabingwa, na kabla ya vita alikwisha kujulikana mjini Prague kwa maonyesho yake na kwa kufundisha. Mwaka 1931 aliolewa na Leopold Sommer, na mwaka 1937 wakapata mtoto wao wa pekee, Stephan, ambaye baadaye aliitwa Raphael.

Mazoezi 24

Mwezi Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague. Wayahudi wakaanza kunyang'anywa haki moja baada ya nyingine: kazi, mali, shule, hata ruhusa ya kupiga muziki mbele ya watu. Mwaka 1942 ikaja zamu ya mama yake mzazi, mwanamke mzee na mgonjwa. Bibi Alice alimsindikiza hadi mahali pa kukusanyikia, akamwacha pale, akarudi peke yake. Mama huyo hakuonekana tena. Hadi uzeeni, Bibi Alice alisema kwamba saa ile ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote maishani mwake.

Katika majonzi hayo aliamua kufanya jambo ambalo mtu mwingine angeliona la ajabu. Aliamua kujifunza mazoezi 24 ya piano ya Frédéric Chopin, yaliyochapishwa katika mafungu mawili ya mazoezi 12 kila moja, la kwanza mwaka 1833 na la pili mwaka 1837. Msomaji asidanganyike na neno "mazoezi". Hizi ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za piano, na kila moja ina mtihani wake. Moja huutesa mkono wa kushoto kwa kuukimbiza bila kupumzika. Jingine huutaka mkono wa kulia ubonyeze noti mbili mbili kwa pamoja, upesi, bila kujikwaa. Jingine humtaka mpigaji atanue viganja vyote viwili kwa nguvu hadi viungo viume. Kuyapiga yote ni kazi ya miaka. Bibi Alice aliyafanyia kazi kwa saa nyingi kila siku, akayaweka kichwani kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi Juzuu, mpaka karatasi ikawa haina haja.

Hakujua kuwa alikuwa akifunga mzigo wa safari.

Kambini

Mwezi Julai 1943 yeye, mumewe na mtoto wao, aliyekuwa na umri wa miaka sita, walipelekwa Theresienstadt. Palikuwa ni mji wa ngome, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18, ambao Manazi waliugeuza kuwa kambi ya Wayahudi. Watu wapatao 140,000 walipelekwa huko katika miaka ya vita. Kiasi cha 33,000 walifia humo kwa njaa na maradhi, na karibu 90,000 walisafirishwa kwenda mashariki, wengi wao kuuawa.

Miongoni mwa wafungwa walikuwamo wanamuziki wengi wa daraja la kwanza. Humo kambini Bibi Alice alipiga piano katika maonyesho zaidi ya 100, na mazoezi ya Chopin yakiwamo. Waliomsikiliza walikuwa watu wenye njaa, wazee kwa vijana, ambao hawakujua kama wiki ijayo wangekuwapo. Mtoto wake naye aliimba katika Brundibár, opera ya watoto ya Hans Krása, iliyochezwa humo mara 55.

Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kuwa mwangalifu. Manazi hawakuruhusu muziki kwa huruma. Waliutumia kuudanganya ulimwengu. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipokuja kukagua, walikuta nyumba zimepakwa rangi, maua yamepandwa na watoto wanaimba. Hawakuonyeshwa kwamba mwezi mmoja kabla, watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameondolewa na kupelekwa Auschwitz ili msongamano upungue. Katika vuli ya mwaka huohuo wengine zaidi ya 18,000 walifuata. Krása mwenyewe alipelekwa Auschwitz na kuuawa huko. Hali kadhalika watunzi Viktor Ullmann na Pavel Haas, na hao walikuwa na ufundi usiopungua wa Bibi Alice.

Kwa hiyo si sahihi kusema, kama wengi wapendavyo kusema, kwamba muziki uliwaokoa watu. Muziki haukufungua lango la kambi. Bibi Alice aliponea katika bahati, na pia katika neno la mumewe. Leopold alipoondolewa mwezi Septemba 1944, alimwonya asijitolee kwa lolote litakalotangazwa. Siku chache baadaye wanawake waliambiwa kuwa anayetaka kumfuata mumewe anaweza kwenda. Wengi walikubali, wasirudi. Bibi Alice alilikumbuka onyo, akabaki na mtoto wake. Leopold alifariki mwaka 1945 katika kambi ya Dachau, kwa homa inayoenezwa na chawa, vita vikikaribia mwisho.

Muziki ulifanya nini basi? Uliwapa watu, kwa saa moja au mbili, nafasi ya kuwa watu na si namba. Bibi Alice mwenyewe aliuita chakula. Adui aliweza kumnyang'anya nyumba, kazi, mama na mume. Yale mazoezi 24 hakuweza, kwa kuwa hayakuwa katika sanduku lolote.

Mwalimu Yerusalemu

Kambi ilikombolewa mwezi Mei 1945. Mama na mtoto walirudi Prague, wakakuta nyumba yao inakaliwa na watu wengine. Mwaka 1949 walihamia Israeli. Alikuwa na umri wa miaka 45, mjane, katika nchi ngeni yenye lugha ngeni, na ilimbidi ajifunze Kiebrania ukubwani.

Sehemu hii ya maisha yake husimuliwa upesi kuliko zote, kwa kuwa haina vita wala kambi. Mimi naiona ndiyo kubwa. Kwa miaka 37 aliishi huko, sehemu kubwa ya miaka hiyo akifundisha piano katika chuo cha muziki cha Yerusalemu. Kazi ya mwalimu wa piano haina vifijo. Mwanafunzi mmoja huketi, hupiga, hukosea, mwalimu husema, "Rudia." Kesho huja mwingine. Mtu aliyepoteza kiasi kile angeweza kuwafundisha vijana hao chuki, na nani angemlaumu? Yeye aliwafundisha piano, na alisema waziwazi kwamba hakutaka chuki ikae ndani yake.

Mtoto wake Raphael akawa mpigaji hodari wa selo, ile fidla kubwa ipigwayo mtu akiwa ameketi, naye pia akawa mwalimu. Ili awe karibu naye, Bibi Alice alihamia London mwaka 1986, akiwa amekwisha kupita miaka 80. Mwaka 2001 Raphael alifariki ghafla akiwa safarini kikazi, na mama akazika tena. Hata hivyo hakuacha kupiga piano kila siku. Vidole viwili, kimoja katika kila mkono, vilipokataa kutii, alijipangia upya namna ya kupiga kwa vidole vinane.

Alifariki London tarehe 23 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 110. Wakati huo alihesabiwa kuwa mkubwa kwa umri kati ya wote waliojulikana kunusurika mauaji yale ya Manazi. Juma moja baadaye, filamu fupi kuhusu maisha yake ilipewa tuzo ya Oscar nchini Marekani.

Neno kwetu

Mara nyingi tunapokumbuka shule yetu tunahesabu alama za mtihani na vyeo tulivyopata kwa alama hizo. Vyote hivyo ni vitu vya karatasi, na sisi tunaofanya kazi maofisini tunajua jinsi karatasi inavyopotea. Mwalimu aliyetushikilia turudie jambo mpaka likaingia ndani alitupa kitu cha namna nyingine. Kinaweza kisitupe riziki, tena kinaweza kisituokoe. Lakini kitakuwa nasi hata siku ambayo hatutakuwa na kingine.

Chama chetu kimezoea kuchangia madawati na mabati, na si vibaya. Naomba katika mkutano wa safari hii tuandike pia orodha ya walimu wetu walio hai, wanakoishi na hali zao, na tugawane kuwatembelea. Tusiende na hotuba. Tuketi nao, na yule anayekumbuka shairi alisome mbele yao, hata akikosea. Wakisema "Rudia", turudie.