Nusu Siku ya Nasari: Historia ya Mtoto Mwenye Kipawa katika Nchi ya Manyatta

Katika vilima vya Manyatta, juu ya mji wa Embu, ambako mashamba ya kahawa hupanda taratibu mpaka yakakutana na majani ya chai chini ya msitu wa Mlima Kenya, mtoto wa miaka minne hutoka nyumbani asubuhi na kikombe chake cha uji mfukoni, na aghalabu, jua likifika utosini, huwa amekwisha kurudi kwao. Mtaala wa elimu ya awali umempangia vipindi 25 kwa wiki, kila kimoja dakika 30, yaani saa kumi na mbili na nusu tu. Na maadamu wiki ina saa nyingi zaidi ya hizo, ni dhahiri kuwa serikali, pasipo kutangaza, imemwachia mama, nyanya na ndugu wakubwa sehemu kubwa ya mafunzo ya mtoto huyo. Ziko nchi za mbali ambako mpango wa namna hii, wa kusoma nyumbani kwa gharama ya umma na kuhudhuria darasa kwa saa chache, umeundwa kwa makusudi na watoto wenye vipawa wakanufaika nao. Hapa kwetu umekuwapo kwa muda wa vizazi kadhaa, ila haukupata kumkusudia mtoto mwenye kipawa.

Wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. walipofungua kituo chao Kigari, katika vilima hivihivi, mwaka 1910, waliokwenda kusoma hawakuwa wanafunzi wa siku nzima. Kijana alijifunza herufi kwa saa chache, kisha mbuzi wa baba yake wakamngoja. Watoto wadogo hawakuhesabiwa kabisa. Elimu yao ilikuwa jikoni, jioni, kwa vitendawili na hadithi, na mwepesi wa kutegua alijulikana na mtaa mzima bila ya kupimwa na mtu.

Darasa la watoto wadogo liliingia katika nchi hii kwa mlango wa msiba. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia Juni 1954 hata mwishoni mwa mwaka uliofuata, watu zaidi ya milioni moja wa Kiambu, Fort Hall, Nyeri na Embu waliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika mabondeni, wakasongamanishwa katika vijiji 854 vyenye ulinzi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na wanawake wakaswagwa kila siku kwenye kazi ya lazima, ikiwamo ile ya kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, lililopandwa vijiti vilivyochongwa ncha ili wapiganaji wasiteremke kutafuta chakula. Sasa mtoto wa miaka mitatu au minne aachwe na nani? Ndipo zilipoanzishwa nasari za vijijini, baadhi kwa mkono wa Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoundwa mwaka 1952, na nyingine kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Mahali pa kumkusanya mtoto, kumpa maziwa au uji, na kumfundisha wimbo mmoja mmoja hata mama arudi na jembe lake. Mimi sioni haja ya kuipamba asili hii. Nasari ya Manyatta ilizaliwa ili mama apate kushurutishwa kazi. Kwamba mtoto alijifunza kitu humo ilikuwa ni fadhila ya wanawake waliomlea, wala si mradi wa waliomfungia.

Ajabu ni kwamba amri ilipoondoka nasari ilibaki. Baada ya uhuru wazazi wenyewe, kwa roho ya harambee, walichanga mabati na mbao, wakamteua msichana aliyemaliza darasa la saba kuwa mwalimu, wakamlipa kwa shilingi chache na pengine kwa mahindi. Serikali iliwaangalia kwa mbali hata mwaka 1971, ulipoanza mradi wa elimu ya awali katika Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na matunda yake yakawa kituo cha taifa cha elimu ya awali, NACECE, mwaka 1984, na matawi yake ya wilaya. Watu wa NACECE walikuwa na busara moja ambayo haijasifiwa ya kutosha: walimwambia mwalimu asingoje vifaa kutoka Nairobi. Wakakusanya hadithi na vitendawili kwa lugha za wenyeji, na wakafundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda, kokwa na vijiti. Ukiingia hata leo katika nasari ya huku utaviona vile vifuniko katika kopo la mafuta ya kupikia, vimekwaruzika rangi, na mtoto mmoja amekwisha kuvipanga kumi kumi ilhali wenzake wangali wanatafuta cha tano.

Huyo mmoja ndiye ninayemtafuta katika historia hii, nami simwoni mpaka afike utineja. Katika zama za wakoloni mizani ya akili ilikuwa mitihani: mmoja baada ya miaka minne ya shule, na mwingine, ule wa K.A.P.E., baada ya miaka minane. Aliyepenya yote miwili kwa alama za juu alipelekwa shule ya sekondari ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926. Huko ndiko alikosoma Jeremiah Nyagah, mzaliwa wa Embu wa mwaka 1920, aliyetoka Alliance akaenda Makerere, akafundisha, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, na baadaye akawa Waziri wa Elimu. Mitihani ilibadili majina, hata ukaja ule wa K.C.P.E., wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1985 na kudumu hadi 2023, lakini kanuni haikubadilika: kipawa kilitambuliwa kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na thawabu yake ilikuwa kitanda katika bweni la mbali. Kwa yule wa miaka mitano dawa ilikuwa moja tu, kurushwa darasa. Na mwalimu aliyemrusha alifanya hivyo kwa huruma, si kwa sheria.

Sheria, kusema haki, imemtaja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kufasiri elimu ya mahitaji maalumu, inawataja wenye vipawa na vipaji pamoja na wenye ulemavu, na inataka mtaala, vifaa na mazingira yarekebishwe kwa kadiri ya tofauti zao. Walakini sheria hiyohiyo inamwamuru kila mzazi ahakikishe kuwa mwanawe anahudhuria shule, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, wala haisemi neno juu ya mzazi atakaye kumsomesha mwana nyumbani. Kisha sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu ikaja na elimu ya nyumbani kwa wasioweza kufika shuleni, lakini, kama jina lake linavyobainisha, ilikuwa ya hao tu. Mwenye kipawa akabaki katika fasili ya sheria, bila ya sera hiyo kumfuata.

Linganisha na Alaska, nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1939 serikali ilipeleka masomo kwa posta kwa watoto waliotengwa na theluji, na tangu 1997 wilaya ndogo ya Galena ikaandikisha wanafunzi wa nyumbani katika jimbo zima kwa fedha za umma. Katika jimbo la Washington mtoto asomaye nyumbani ana ruhusa ya kuhudhuria shule ya umma kwa kipindi kimoja au viwili, kisha akarudi kwao. Hakuna aliyeanza huko kwa kuwafikiria wajanja wa hesabu. Umbali ndio ulioanzisha, kama kazi ya lazima ilivyoanzisha kwetu. Ila wao, walipoona mlango u wazi, waliuacha.

Kwetu ulifunguliwa mara moja, mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya Korona. Redio zikafundisha, na wizara ikatoa mwongozo wa walimu kuwasomesha watoto kwa vikundi vidogo karibu na makwao. Mahakama Kuu ikausimamisha kwa ombi la mzazi, na watoto wa nasari wakakaa nyumbani hata Januari 2021.

Leo, kwa Katiba ya 2010, elimu ya awali ni ya kaunti. Darasa la nasari mara nyingi liko ndani ya ua wa shule ya msingi, hatua chache tu kutoka Gredi ya Kwanza. Mtoto aliyemaliza vifuniko vyake angeweza kuvuka ua huo saa tatu asubuhi, akasoma kipindi kimoja na wakubwa wake, akarudi kunywa uji, na adhuhuri akaenda kwao kusoma na nyanya. Lakini mwalimu wa upande huu ameajiriwa na kaunti ya Embu, na wa upande ule na Tume ya Huduma ya Walimu; mtoto akivuka, ni nani kati yao atakayemtia katika daftari la mahudhurio?