Mabomba ya Mianzi ya Iringa na Mbeya

Kiu ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania haijawahi kuwa kiu ya ukame peke yake. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mito inayoulisha Ruaha Mkuu huanzia katika nyanda hizohizo. Hata hivyo, vizazi vya wanawake vimeteremka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani, kwanza kwa mtungi, kisha kwa debe, kisha kwa ndoo. Zipo sehemu kavu kweli, kama Isimani na sehemu za bonde la Usangu. Lakini kwa eneo kubwa la mikoa ya nyanda hizi, kazi ilikuwa kuyafikisha maji kutoka yalipo hadi watu walipo, na kuhakikisha hayakatiki. Jaribio moja la kuifanya kazi hiyo, mabomba ya mianzi, hutajwa leo, likitajwa, kama kituko cha enzi za Ujamaa. Nadhani hukumu hiyo si ya haki. Waliobuni mabomba yale waliuliza swali ambalo wenye mabomba ya kisasa walichelewa kuliuliza: likipasuka, nani atalitengeneza?

Zamani kaya zilitawanyika, na mtu alijenga akijua chemchemi yake iko wapi. Tena maji matupu hayakuwa kinywaji pekee cha shambani. Palikuwa na togwa, uji uliopikwa kisha ukaachwa uchachuke kwa kimea, na Iringa palikuwa na ulanzi. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mlanzi, hulitegea mbeta ya mwanzi, kisha hurudi asubuhi na jioni kukinga utomvu na kuchonga upya jeraha lisizibe. Ulanzi mbichi ni mtamu na hauna ukali mwingi; ukilala, hulevya. Wapo watakaosema kwamba pombe haikati kiu, na wako sahihi kwa ule uliolala. Kwa togwa hoja hiyo haisimami: uji huchemshwa, na uchachu wake huzuia vijidudu vingi. Utafiti wa wataalamu wa lishe wa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Ila togwa haikumpunguzia mama hata hatua moja ya safari ya bondeni.

Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji angepata maji karibu na nyumbani, bila malipo. Kabla ahadi hiyo haijapiga hatua, kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Chemchemi iliyozitosha kaya tatu sasa ilitakiwa kukinywesha kijiji kizima, na mara nyingi kijiji chenyewe kilipangwa kufuata barabara badala ya maji. Wakati huohuo bei ya mafuta ilipanda duniani, na mabomba ya chuma na plastiki yalihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo.

Hapo ndipo mhandisi T. N. Lipangile wa Wizara ya Maji alipougeukia mwanzi. Mradi wake ulianza katikati ya miaka ya 1970, na makao yake yakawa Iringa. Wazo lenyewe si geni duniani. Wachina wa Sichuan walisafirisha maji ya chumvi kwa mianzi karne nyingi kabla. Mianzi ilikatwa katika misitu ya milimani, ikiwemo ya Mbeya. Kila pingili ya mwanzi imezibwa kwa fundo, kwa hiyo mafundi walipitisha keekee ndefu na kuyatoboa mafundo moja baada ya jingine hadi njia ikawa wazi. Palipo na msukumo mkubwa wa maji, bomba lilizungushiwa waya lisipasuke, kisha likalazwa mtaroni. Siri yake ilikuwa kuliacha limejaa maji saa zote: mwanzi ulioloa hauozi upesi, bali ule unaokauka na kuloa kwa zamu. Katika siku za mwanzo maji yalinuka mwanzi.

Wakosoaji wana hoja nzito. Mchwa waliyashambulia mabomba, na ili kuwazuia udongo wa mtaroni ulitiwa aldrini, sumu ambayo baadaye ilipigwa marufuku kimataifa kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001. Hilo halina utetezi. Huwezi kumtafutia mtu maji salama huku ukiyapitisha katikati ya sumu. Pia mwanzi wa milimani haukuwa mali ya kila kijiji: kijiji cha mbali na msitu kiliusubiri kwa lori kama kilivyosubiri plastiki. Kama chombo, mwanzi ulistahili kushindwa, na plastiki ilipopatikana kwa bei nafuu ulishindwa.

Lakini plastiki nayo ilikwama. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja havikutoa maji. Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye hali nafuu, na sidhani ni bahati. Katika miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Denmark katika Iringa, Mbeya na Ruvuma ulijenga mifumo ya mserereko isiyohitaji pampu wala dizeli, na uliwataka wanakijiji wachimbe mitaro na kuunda kamati za maji. Mtu aliyechimba mtaro anajua bomba limepita wapi.

Sheria ya maji ya 2019 imeanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvikabidhi vyombo vya watumia maji kazi ya kukusanya ada na kutunza vilula. Wapo wanaopinga ada hiyo wakikumbusha ahadi ya 1971, na wanamtetea maskini kwa moyo safi. Lakini bila ada hakuna koki mpya, na kilula kikikauka mwenye uwezo humlipa kijana wa bodaboda amletee madumu. Anayerudi bondeni na ndoo ni yuleyule asiye na kitu.