Beji Mfukoni: Maisha ya Mwigizaji Arnold Ridley

Waigizaji wa televisheni wana mafungu mawili. Wako wale ambao majina yao hutangulia sura zao, na wako wale ambao sura zao hujulikana na kila nyumba ilhali majina yao hayajulikani na yeyote: karani wa posta, kasisi, jirani mzee anayebisha hodi wakati usiofaa. Hawa wa fungu la pili ndio chumvi ya mchezo. Ikiwapo haisemwi, ikikosekana, kila mlaji huhisi. Miongoni mwa waliokuwa na sifa hiyo nchini Uingereza hapana budi kumtaja Arnold Ridley, mtu aliyeingia katika mapenzi ya taifa lake akiwa na umri wa miaka 72, kwa kuigiza mzee mpole, mnyonge wa kutembea, ambaye kila mara huomba ruhusa ya kwenda msalani.

Ridley alizaliwa tarehe 7 Januari 1896 katika mji wa Bath, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la viatu. Kijana alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Bristol, lakini moyo wake ulikwisha kutekwa na jukwaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alikwenda kujiandikisha akakataliwa kwa kasoro ndogo ya kidole cha mguu. Mwaka 1915 jeshi lilikuwa na njaa kubwa zaidi ya watu, na kidole kile hakikuwa neno tena. Akaingia katika kikosi cha Somerset Light Infantry.

Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa, Ridley alikuwa miongoni mwa askari walioushambulia mji mdogo wa Gueudecourt. Ndani ya handaki la adui, mambo yalikuwa ya ana kwa ana. Alipigwa kitako cha bunduki kichwani, fuvu likapasuka. Alichomwa singe kinenani. Singe nyingine aliikinga kwa mkono wa kushoto, na mkono ule haukurudia nguvu zake maisha yake yote. Alikuwa na miaka 20. Mwaka uliofuata jeshi lilimwachisha kwa sababu ya majeraha. Tangu hapo alibaki na maradhi ya kuzimia ghafla, na usiku ndoto za handaki zilimrudia.

Katika miaka ile wanawake fulani wa Uingereza walikuwa na desturi ya kumkabidhi unyoya mweupe, alama ya woga, kijana yeyote waliyemwona mitaani bila sare ya jeshi. Ridley naye alipewa. Serikali ilikuwa imetoa beji ya fedha kwa waliojeruhiwa vitani, iwakinge na fedheha hiyo. Yeye alikuwa nayo, lakini hakuivaa kifuani. Aliiweka mfukoni, maana hakupenda kuyatangaza majeraha yake. Akaupokea unyoya, asiseme kitu.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1918 Ridley alijiunga na kundi la maigizo la Birmingham, akaigiza kwa miaka miwili, kisha mwili ukamshinda. Akarudi Bath kuuza viatu katika duka la baba yake. Hapo, mkono wa kushoto ukiwa dhaifu na jukwaa likiwa mbali, akaanza kuandika.

Tamthilia iliyomtoa gizani iliitwa The Ghost Train, yaani garimoshi la mizimu. Chanzo chake kilikuwa usiku mmoja aliokwama katika stesheni ndogo ya Mangotsfield, karibu na Bristol. Alisikia mngurumo wa garimoshi likija, likipita, likienda zake, na mbele yake reli ilikuwa tupu. Kumbe lilikuwa limeshika tawi la reli la jirani, lililopinda nyuma ya stesheni. Kwa mtu aliyetoka vitani na sauti zisizonyamaza kichwani, usiku kama ule haukuwa jambo dogo. Katika tamthilia, wasafiri wanakwama usiku ndani ya stesheni iliyo upweke, wanasimuliwa habari za garimoshi la wafu, na hofu inawaingia. Kati yao yumo kijana mpuuzi anayewachosha wenziwe kwa mizaha. Mwishoni yule mpuuzi ndiye anayedhihirika kuwa mpelelezi, na mizimu inadhihirika kuwa hila ya watu wanaosafirisha silaha kwa siri.

Mwaka 1925 mchezo huo ulifika London katika ukumbi wa St Martin's, ukaonyeshwa zaidi ya mara 600. Ukafanywa filamu mara kadhaa, na vikundi vya maigizo vya mitaani havijauacha hata leo. Ridley aliandika tamthilia zaidi ya 30, ila hakuna iliyoufikia umaarufu wa ile. Mali nayo haikukaa. Katika miaka ya 1930 alianzisha kampuni ya filamu. Kampuni ikaanguka, ikamwachia madeni yaliyomwandama kwa miaka mingi.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, mtu huyu aliyekwisha kutoa sehemu yake alirudi jeshini akiwa afisa. Mei 1940 alikuwa Ufaransa majeshi ya Ujerumani yalipoingia kwa kasi, akaokolewa kwa meli kutoka bandari ya Boulogne. Afya ikavunjika mara ya pili, na jeshi likamwachisha mara ya pili. Baada ya hapo akajiunga na mgambo wa mji wa Caterham: wazee, vijana wadogo na watu ambao jeshi halikuwataka, waliopewa kazi ya kuilinda nchi endapo adui angevuka bahari.

Mgambo huo ndio uliomrudia baada ya zaidi ya robo karne. Mwaka 1968 shirika la BBC lilianza kuonyesha Dad's Army, futuhi iliyobuniwa na Jimmy Perry na kuandikwa naye pamoja na David Croft, kuhusu kikosi cha mgambo katika mji wa kubuni wa pwani ya kusini. Ridley alipewa nafasi ya Charles Godfrey, muuza duka mstaafu anayeishi na dada zake wazee katika nyumba yenye bustani. Mchezo uliendelea kwa misimu tisa na vipindi 80, hadi Novemba 1977, na katika kilele chake ulitazamwa na watu wapatao milioni 18. Clive Dunn, aliyeigiza mzee kupita wote kikosini, alikuwa na miaka 48 tu walipoanza, naye alikuwa amekaa miaka minne kifungoni mwa Wajerumani. John Laurie, aliyeigiza Mskoti mwenye kutabiri maangamizi, alipigana vita vya kwanza kama Ridley. Walioonekana wakichezea bunduki za mbao hawakuwa wageni wa bunduki za kweli.

Kati ya vipindi hivyo 80, kimoja kinastahili kutazamwa peke yake. Kiliitwa Branded, kikaonyeshwa mwaka 1969. Godfrey anaomba kuacha mgambo, na kapteni wake anapomhoji, anakiri kwamba katika vita vya kwanza alikataa kubeba silaha, kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kuua. Kikosi kizima kinamtenga. Hakuna anayetaka kukaa naye wala kuzungumza naye. Kisha katika zoezi, kapteni anazidiwa na moshi ndani ya kibanda, na ni Godfrey anayetambaa kumtoa. Wenzake wanapokwenda kumwona kitandani, wanaona ukutani picha yake akiwa na nishani. Dada yake anawaeleza: alijiunga na waganga wa jeshi, na huko Somme aliingia penye risasi kuokoa majeruhi. Nishani hakuivaa, kwa kuwa aliona ni kujionyesha.

Mtazamaji asiyejua habari za Ridley huguswa na kipindi hicho. Anayezijua hunyamaza. Aliyepasuliwa fuvu Somme anaigiza mtu asiyeua Somme. Aliyepewa unyoya mweupe anaigiza mtu anayeitwa mwoga. Aliyeficha beji mfukoni anaigiza mtu aliyeficha nishani. Upole wa Godfrey ulitoka kwa mtu aliyeujua ukali mpaka kwenye mfupa. Ndiyo maana haukuwa upole wa kuchekesha tu, na ndiyo maana watu walimcheka bila kumdharau.

Tena mtu hawezi kukosa kuona kwamba Ridley mwenyewe alikuwa amekwisha kuifunga na kuifungua siri hiyo zaidi ya miaka 40 kabla, kwa yule mpuuzi wa stesheni aliyekuwa mpelelezi. Kalamu yake na sura yake zilifundisha somo moja: usimkadirie mtu kwa lile analolionyesha. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 1982 alitunukiwa nishani ya OBE kwa utumishi wake katika maigizo. Alifariki tarehe 12 Machi 1984 akiwa na umri wa miaka 88, na majivu yake yakazikwa Bath, katika kaburi la wazazi wake. Aliacha pia kumbukumbu za maisha yake, alizoziita The Train and Other Ghosts, ambazo hazikuchapishwa uhai wake. Hata jina hilo ni ungamo la mtu mpole. Garimoshi alililiweka wazi kwa dunia nzima. Ile mizimu mingine, kwa miaka mingi, aliiweka mfukoni pamoja na beji.