Jirani Mlangoni: Historia ya Upendo Katika Nyumba za Kavumu



Historia ya parokia huhesabu kwanza mapadri, majengo na ubatizo. Hesabu hiyo ni ya haki, nasi twaiheshimu. Lakini iko historia nyingine isiyoandikwa katika buku lolote la misioni: historia ya moto ulioombwa asubuhi kwa jirani, ya chumvi iliyogawanywa, ya mgonjwa aliyebebwa kwa kipoyi usiku wa mvua. Katika kurasa hizi tunataka kuikumbuka historia hiyo, kwa maana pasipo hiyo imani yetu ingalikuwa maneno matupu.

I. Shamba dogo

Kavumu iko Bugorhe, katika nchi ya Kabare, kilometa zipatazo 30 kaskazini ya mji wa Bukavu, kati ya ziwa Kivu na mlima Kahuzi. Udongo ni mwema, lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Kwa desturi ya Bushi, aliyetaka shamba la kudumu alitoa kalinzi, na mara nyingi kalinzi ilikuwa ng'ombe. Asiye na ng'ombe alilima kwa bwasa, kwa muda tu, wala hakuruhusiwa kupanda migomba, maana mgomba hukaa miaka mingi na yeye hakuwa na hakika ya mwaka ujao. Siku za ukoloni, mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinkina yalitwaa sehemu ya nchi. Mwaka 1970 Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa, na mwaka 1975 ikapanuliwa. Batwa waliokuwa wakiishi msituni walitolewa, wakabaki pasipo msitu na pasipo shamba.

Hapo ndipo yanapotoka matata mengi ya nyumba zetu. Mpaka wa shamba ukisogezwa hatua moja, ndugu hawasalimiani tena. Mbuzi akila maharagi ya jirani, neno linafika kwa Mwami. Mkristu wa Kavumu alipashwa kujifunza kumpenda jirani ambaye ardhi yake inagusana na yake, na upendo huo ni mgumu kuliko ule wa kumpenda mtu wa mbali.

II. Ugonjwa wa bwaki

Wazee wetu wanalijua vema neno bwaki. Mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa, akila bugali wa mihogo siku zote pasipo maziwa, maharagi wala samaki, huvimba miguu na uso. Nywele zake hugeuka rangi, naye hukataa hata kucheza. Waganga waliufanyia uchunguzi mkubwa ugonjwa huo hapa karibu, Lwiro, ambako kituo cha elimu cha IRSAC kilianzishwa kisha mwaka 1947. Mjini Bukavu, katika miaka ya 1960, watu wenye moyo mwema waliunda Komite ya kupigana na bwaki.

Lakini kabla mtoto hajafika kwa mganga, ilipashwa mtu fulani amwone. Mama mwenye mtoto wa bwaki aliona haya. Alimficha ndani, akiogopa kusemwa kwamba hajui kulea. Jirani mwema ndiye aliyeingia pasipo kusema neno la kuumiza, akaleta kikombe cha maziwa au sahani ya maharagi, akasema: Twende pamoja kwa mganga. Hilo halikuwa jambo kubwa machoni pa dunia. Lakini tunaamini kwamba wengi wanaoimba leo katika misa ya jubilei wako hai kwa sababu ya kikombe cha namna hiyo.

III. Noeli mbili

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu, walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai. Kwetu jumuiya hizo zinaitwa shirika. Wengi hawakutambua mara moja faida yake. Kisha ilifika miaka ya 1970. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa na Leta, na vyama vya vijana vya Kanisa vilifungwa. Mwaka 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na shule za misioni zikatwaliwa. Milango hiyo ilipofungwa, imani ilipata nafasi nyumbani: watu waliokaa mtaa mmoja walisali pamoja, wakaulizana nani ni mgonjwa, nani hana chakula, nani hasemi na mke wake.

Noeli nyingine ni ile ya mwaka 1979. Tarehe 25 Desemba ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina bei tena, na siku za kuzibadilisha zilikuwa chache. Aliyekaa mbali na benki, aliyeweka feza yake ndani ya sanduku kwa ajili ya minervali ya watoto au mahari ya kijana wake, aliona kazi ya miaka ikigeuka karatasi. Siku kama hizo zinafundisha kwamba hazina isiyofutwa na tangazo ni uaminifu wa jirani. Likelemba yenyewe inasimama juu ya uaminifu huo: kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anapokea yote, na wote wanasadiki kwamba aliyepokea leo hatakimbia kesho.

IV. Wageni, vita na hofu

Mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Kivu. Kambi za Kashusha na Inera zilijengwa karibu nasi kabisa. Miti ilikatwa, mashamba yalikanyagwa, na manunguniko yalikuwa na sababu. Swali la Injili, jirani yangu ni nani, lilikaa njiani mwetu kila asubuhi, likiwa na ndoo mkononi, likiomba maji. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliwatetea wakimbizi, akawatetea vilevile wenyeji. Vita ilipofika hakuliacha kundi lake, akauawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Jaribu lililo chungu kuliko yote lilikuja ndani ya mtaa wenyewe. Kati ya mwaka 2013 na 2016, makumi ya wasichana wadogo wa Kavumu, wengine wakiwa wangali wachanga, walichukuliwa usiku katika nyumba zao na kutendewa ubaya usiosemeka. Wengi walitunzwa katika hospitali ya Panzi, kazi ya ndugu zetu Waprotestanti. Hofu ilitenganisha watu, kwa maana hakuna aliyejua mkono wa nani ulifungua mlango. Hata hivyo wazazi walikataa kunyamaza. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2017 korti ya kijeshi ilikuja kukaa hapa Kavumu. Mashahidi walisema wakiwa wamefunikwa kusudi wasijulikane. Tarehe 13 Desemba watu 11 walihukumiwa kifungo cha maisha, na kati yao mjumbe wa baraza la jimbo. Mwaka 2018 hukumu hiyo ilithibitishwa.

Ndugu, tuelewe vema fundisho hili. Wema wa jirani si kuleta chakula tu. Msamaria aliinama juu ya jeraha. Lakini kama angewaona wanyang'anyi kazini, upendo ungemtaka apige kelele. Kumficha mwovu kwa sababu ni mkubwa, au kwa sababu ni mtu wa kwetu, si amani.

V. Mlango ubaki wazi

Mwezi wa pili mwaka 2025 vita ilifika tena, mpaka kwenye kiwanja cha ndege cha Kavumu. Tena akina mama walifunga mizigo, na tena kukawa na nyumba zilizowapokea wengine wakati chungu kilikuwa chepesi.

Kwa hiyo, tunapomshukuru Mwenyezi Mungu kwa jubilei yetu, tusiulize tu tumejenga nini. Kila shirika liulize: katika mtaa wetu, ni mlango gani ambao hakuna anayeubisha? Nyumba gani ina mtoto anayefichwa, mjane anayenyang'anywa mpaka wake, mume na mke wasiosemezana? Twende huko kesho, mara baada ya sikukuu, pasipo hotuba.

Bwana Yezu, uliyekubali kuwa mgeni katika nyumba za watu, utujalie tuwe majirani kweli. Amina.