Nani Kazaa? Historia Fupi ya Tumbo la Kuazima

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuzaa, ambacho kwa karne nyingi hakikumsumbua mtu. Mwanamke akishika mimba, akaibeba miezi tisa, akajifungua, basi tunasema kazaa. Hatukuwa na haja ya neno la kumtenga mwenye yai na mwenye tumbo, maana alikuwa mtu yule yule. Hata wahenga waliposema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hakuna aliyenyoosha kidole kuuliza: mzazi yupi?

Leo swali hilo lipo, na si la utani. Kitenzi kilipasuka vipande viwili ndani ya miaka isiyofika kumi, na sheria nyingi bado zinakitumia kana kwamba ni kizima.

Tuanze kwa kukiri kwamba kuazima tumbo lenyewe si jambo geni. Msomaji wa Biblia anamkumbuka Sarai, aliyekosa mtoto akamtoa mjakazi wake Hajiri kwa Abramu ili apate uzao kupitia kwake. Wakurya wa Mara nao wana ndoa ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto wanaozaliwa huwa wa mji wake. Lakini angalia vizuri. Katika mipango hiyo yote, anayebeba ndiye mwenye damu. Mtoto alibadilishiwa nyumba tu, hakubadilishiwa asili. Na tusisahau, Hajiri hakuulizwa.

Sasa twende Oldham, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Lesley Brown alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka tisa. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, kwa hiyo yai halikuweza kukutana na mbegu ya mumewe. Daktari Patrick Steptoe alilitoa yai moja kwa kifaa chembamba chenye taa kinachopenyezwa kwenye tundu dogo tumboni. Mwanasayansi Robert Edwards alilichanganya na mbegu za mume nje ya mwili, kwenye kisahani cha maabara. Jean Purdy, muuguzi aliyejifunza kazi ya maabara mpaka akawa bingwa, alikilinda kiinitete na kukitazama kikigawanyika mpaka kikawa na chembe nane. Kikarudishwa kwa Lesley. Tarehe 25 Julai 1978, muda mfupi kabla ya usiku wa manane, akazaliwa Louise Brown.

Magazeti yakamwita mtoto wa chupa, kana kwamba alikua kwenye kabati. Ukweli ni kwamba alikaa kisahanini siku chache tu, na miezi yote iliyobaki alikaa pale pale anapokaa kila mtoto. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel. Steptoe alikuwa amefariki mwaka 1988, na Purdy mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Nobel haitolewi kwa marehemu, sawa. Lakini hata kibao cha kumbukumbu kilichowekwa Oldham kilikaa miaka mingi bila jina la Purdy, ingawa Edwards mwenyewe aliandika barua kutaka liwemo. Huyu hakuwa na mimba, ila alikilea kiinitete kile kabla ya mtu mwingine yeyote, akasahauliwa. Tuiweke hiyo akilini, maana itajirudia.

Pale Oldham kitenzi kilikuwa kimepata ufa tu: yai la Lesley, tumbo la Lesley. Lakini yai likishatoka nje ya mwili, ni nani aliyesema lazima lirudi lilikotoka? Mwaka 1985 madaktari wa Cleveland, Marekani, walitangaza mimba ya namna mpya. Mwanamke aliyeondolewa mfuko wa uzazi, lakini mayai yake yangali mazima, alikuwa na kiinitete chake ndani ya tumbo la mwanamke mwingine. Mtoto alizaliwa mwaka 1986. Aliyembeba hakuwa na damu naye hata tone.

Mwaka huo huo Marekani nzima ilikuwa ikigombana kuhusu mtoto wa New Jersey aliyejulikana kama Baby M. Mbebaji, aliyetumia yai lake mwenyewe, alikataa kumwachia mtoto kwa dola 10,000 alizoahidiwa. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya jimbo iliubatilisha mkataba ule. Ilimpa baba malezi, lakini ikamtambua mbebaji kuwa ndiye mama. Uamuzi mgumu, ila angalau mama alikuwa mmoja.

Afrika haikusubiri kusimuliwa. Tarehe 1 Oktoba 1987, Johannesburg, Pat Anthony, mama wa miaka 48, alijifungua watoto watatu kwa mpigo. Binti yake alikuwa amepoteza mfuko wa uzazi, basi mama akabeba viinitete vya binti na mkwewe. Kwa damu ni bibi yao. Kwa uchungu ni mama yao. Picha zilizunguka dunia na watu wakafurahi, na mimi siwezi kuwalaumu. Lakini jaribu kuisimulia habari ile kwa Kiswahili. Nani kazaa? Ukisema bibi, umemnyima binti. Ukisema binti, umemfuta aliyelala kwenye meza ya upasuaji.

Mahakama zilijibu kila moja kivyake. Uingereza inamtambua aliyejifungua kuwa mama mpaka amri ya mahakama ibadilishe. California, mwaka 1993, majaji walikuta wanawake wawili mbele yao, mmoja ana damu na mwingine kajifungua, wakampa umama yule aliyekusudia tangu mwanzo kumleta mtoto duniani.

Sasa turudi nyumbani. Nairobi, mwanamke alibeba mapacha kwa niaba ya wenzi wawili, kwa makubaliano. Alipojifungua likaja swali la fomu: kwenye nafasi ya mama liandikwe jina gani? Hakuna aliyekuwa na jibu la sheria, na watoto wakachukuliwa kupelekwa kwenye nyumba ya watoto. Watoto waliotafutwa kwa udi na uvumba, wenye watu wazima watatu wanaowajua, wakalala kwenye makao ya wasio na mtu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisema haki za wahusika zilikiukwa, na kwamba nchi inahitaji sheria. Mbunge Millie Odhiambo amepeleka mswada wa uzazi wa kusaidiwa bungeni zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo watu hupenda kutoa methali: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nasikia nia yake njema, inamtetea mwanamke aliyeitwa tasa. Lakini kwa historia hii methali inatupoteza. Kubeba ni kazi. Ina damu, ina kisu, ina hatari ya kufa. Tukisema si kazi, tunamrudia Hajiri: tumbo limetumika, mwenye tumbo katolewa nje ya hadithi.

Afrika Kusini imechagua njia ninayoiona ya busara. Sheria yake ya watoto inataka makubaliano yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla kiinitete hakijapandikizwa, na inakataza kumlipa mbebaji zaidi ya gharama zake. Yaani swali linaulizwa wakati bado hakuna anayelia kwenye kitanda kidogo, na anayebeba anaulizwa kwanza.

Lugha nayo itatafuta njia yake. Tayari tunaye mama mzazi, mama mlezi, mama mdogo na mama mkubwa. Hatujawahi kuwa bahili wa neno mama. Fomu ya hospitali ndiyo bahili, ina mstari mmoja tu.