Mbwa wa Mtakatifu Huberto: Kutoka Ardennes mpaka Virunga

Tarehe 3 Novemba ni siku kuu ya Mtakatifu Huberto, askofu. Wengi wanajua kwamba yeye ni mlinzi wa wawindaji. Lakini ni wachache wenye kujua kwamba kuna taifa la mbwa lenye kuitwa kwa jina lake, na ya kwamba mbwa wa taifa lile walifika hata huku kwetu Kivu, wakatumika katika parke ya Virunga. Tunataka kueleza hapa asili yao, tabia yao na namna ya kuwatunza. Habari hii inatuhusu sisi wa Kasugho kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

1. Askofu na wamonaki

Huberto alikuwa mfuasi wa Mtakatifu Lamberto. Lamberto alipouawa Liège, Huberto alishika nafasi yake katika uaskofu, akahubiri Injili kwa watu wa misitu ya Ardennes, ambao wengi walikuwa wangali wapagani. Alikufa tarehe 30 Mei mwaka 727. Mwaka 825 mwili wake ulipelekwa katika monasteri ya Andage, na kisha pahali pale pakaitwa Saint-Hubert. Leo ni mji wa Ubelgiji.

Kila mseminari amekwisha kusikia hadithi ya ayala: Huberto, kijana wa ukoo wa wakubwa, anawinda siku ya Ijumaa Kuu, ayala anageuka, na katikati ya pembe zake unaonekana msalaba. Tuseme wazi kwamba walioandika kwanza maisha ya mtakatifu huyu hawakulitaja jambo hilo. Liliingizwa katika habari zake baada ya miaka mamia, nalo lilitolewa katika habari za Mtakatifu Eustakio. Mwenye kuandika historia hana lazima ya kuitupa hadithi hiyo. Lakini aiweke pahali pake: inatuonyesha namna Wakristo wa Ulaya walivyotaka mawindo yao yahukumiwe na msalaba.

Habari ya mbwa ina ushuhuda ulio bora. Mwaka 1561 Mfaransa mmoja, Jacques du Fouilloux, alitoa kitabu juu ya mawindo chenye jina La Vénerie. Anasema kwamba maabati wa Saint-Hubert walifuga siku zote mbwa hawa weusi kwa heshima ya mtakatifu wao. Kwamba wana mwili wa nguvu na miguu mifupi, si wepesi wa mbio, lakini pua yao ni kali. Tena desturi inasimulia kwamba kila mwaka monasteri ilimpelekea mfalme wa Ufaransa mbwa sita hivi kuwa zawadi. Wafaransa waliwatumia kwa kazi ya kamba: asubuhi, kabla ya mawindo, mtu mmoja aliingia msituni na mbwa mmoja aliyefungwa kamba, wote wawili kimya, wakatafuta pahali ayala alipolala. Hivyo wakubwa walipopanda farasi walijua tayari njia ya kushika. Mataifa mengi ya mbwa wa mawindo ya Ufaransa, kama lile kubwa la Gascogne lenye rangi ya buluu, husemwa kuwa na damu ya mbwa wa Saint-Hubert.

Katika siku za Mapinduzi ya Ufaransa monasteri ilifungwa, wamonaki wakafukuzwa, mbwa wakatawanyika. Katika karne ya 19 taifa hilo lilikuwa karibu kwisha katika Ardennes. Bahati yake ni kwamba Waingereza walikuwa wamelihifadhi. Desturi yao inasema kwamba mbwa hao walivuka bahari pamoja na William wa Normandie mwaka 1066. Waingereza waliwapa jina lenye maana ya mbwa wa damu. Wengine huelewa kwamba ni mbwa mwenye kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa; wengine husema ni mbwa wa damu safi, yaani wa ukoo bora. Kutoka Uingereza walirudishwa Ubelgiji, na shirika la mataifa yote lenye kuandika aina za mbwa, ambalo makao yake ni Thuin, limewaandika leo kuwa mbwa wa Ubelgiji, kwa namba 84.

2. Mwili na tabia

Mbwa wa Mtakatifu Huberto ni mkubwa. Dume ana kimo cha sentimeta 68 hivi na uzito wa kilo 46 mpaka 54. Jike ni mdogo kidogo. Rangi yake ni nyeusi na kahawia, ao kahawia tupu. Masikio ni marefu sana, yananing'inia. Ngozi ya uso ina mikunjo mingi. Macho yanaonekana kuwa na huzuni, sawa mzee aliyefiwa. Sauti yake ni nzito, inasikika mbali.

Nguvu yake yote iko katika pua. Mwili wa mtu huangusha kila saa vipande vidogo vya ngozi visivyoonekana kwa macho, navyo vina harufu isiyo sawa na ya mtu mwingine. Mlinzi humpa mbwa nguo ao kitu kilichoguswa na mtu anayetafutwa. Mbwa hunusa, kisha huinamisha kichwa, huvuta kamba, hufuata harufu ile moja kati ya harufu za watu wengi. Umande na kivuli humsaidia. Jua kali na upepo mkavu humpunguzia kazi. Hata baada ya siku nzima ao zaidi anaweza kuiona njia.

Wengi huogopa jina lake na ukubwa wake, lakini tabia yake ni pole. Anapenda watu, anavumilia watoto, hana ugomvi na mbwa wengine. Ni mkaidi: pua ikisema kushoto, hatasikia bwana wake akisema kulia. Tena moyo wake ni mwepesi kuumia. Anajua sifa, na anajua makaripio. Na hapa kuna jambo la kushangaza: akimfikia mtu aliyemtafuta njia yote, kwa kawaida hamwumi. Anafurahi kumwona. Kazi yake imekwisha.

3. Doa katika historia

Historia ya kweli haifichi mabaya. Katika nchi za Amerika, wenye mashamba walitumia mbwa kuwawinda watumwa waliokimbia. Wengi wa mbwa hao waliitwa mbwa wa damu, hata kama si wote walikuwa wa taifa safi la Saint-Hubert. Na walikuwako waliofundishwa kurarua. Kati ya watumwa hao walikuwako wana wa Kongo, waliobatizwa kwa haraka bandarini na kutiwa katika meli. Basi mnyama aliyefugwa na wamonaki kwa heshima ya askofu, jina lake likawa kitisho kwa ndugu zetu.

Wala huku Afrika dharau haikukosa. Mbwa wetu wa zamani wa msitu wa Kongo, yule asiyebweka, ambaye Wambuti wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue pahali alipo, anajulikana duniani kwa jina la basenji. Jina hilo linatoka katika neno ambalo wakoloni waliwatukania watu wetu wa vijijini: washenzi. Mwaka 1937 mbwa hao walifikishwa Uingereza na kuonyeshwa kwa sifa kubwa. Mbwa akapata heshima, tusi likabaki katika jina lake.

4. Virunga

Parke ya Virunga iliwekwa tarehe 21 Aprili 1925, kwa jina la mfalme Alberto wa Ubelgiji. Mwaka 1979 iliandikwa katika urithi wa dunia nzima, na mwaka 1994, sababu ya vita na wakimbizi, iliandikwa katika urithi wenye hatari. Tangu mwanzo wake walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 siku moja, pamoja na raia.

Tembo waliuawa kwa ajili ya pembe, na wauaji walipotea msituni kabla ya walinzi kufika. Kwa sababu hiyo, mwaka 2011, parke ilianzisha kundi la mbwa wa Mtakatifu Huberto huko Rumangabo, kwa msaada wa mganga wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Walinzi Wakongomani walichaguliwa, wakafundishwa kuongoza mbwa, kuwalisha na kuwatibu. Mwezi wa Machi 2012 tembo mmoja alionekana amekufa, pembe zimekatwa. Mbwa waliletwa pale kwenye mzoga, wakashika harufu, wakaifuata kilometa kadhaa mpaka kijiji cha wavuvi. Wauaji walipiga bunduki, kisha wakakimbia na kuacha silaha zao. Baadaye waliongezwa mbwa wadogo wa kunusa pembe na silaha zilizofichwa.

5. Kasugho

Sasa msomaji wa Kasugho aulize: sisi tunaingia wapi? Tunaingia kwa mlango wa mayatima. Mwaka 1998 watu wa huku, pamoja na wakubwa wa kimila, walianza kuulinda msitu wa Tayna, wenye gorila wa bondeni. Mwaka 2009 iliwekwa Kasugho nyumba ya GRACE ya kulea gorila yatima, na mwaka 2010 walifika wa kwanza kwa helikopta ya Umoja wa Mataifa. Gorila mchanga haachwi na mama yake. Kwa hiyo kila mtoto aliyepelekwa pale ni ushuhuda wa mkubwa aliyeuawa, mara nyingi zaidi ya mmoja. Mwezi wa Oktoba 2024 majike wanne waliolelewa Kasugho walipelekwa mlima wa Tshiaberimu, ndani ya Virunga, pahali ambapo gorila walikuwa wamebaki wachache sana. Hivyo msitu wetu na parke ile vinashikana: kinachoibwa kule tunakililia huku, na kinacholelewa huku kinarudishwa kule.

6. Utunzaji

Mwenye kumfuga mbwa wa namna hii ajue mambo haya. Masikio yasafishwe kila juma, kwani hewa haiingii na vidonda huzaliwa ndani. Mikunjo ya uso na macho ipanguswe kwa kitambaa safi. Chakula kigawanywe mara mbili kwa siku, wala mbwa asikimbizwe mara tu baada ya kula, kwani tumbo lake huweza kuvimba na kujipinda, naye hufa kwa saa chache. Asifanyishwe kazi katika joto la mchana. Huku kwetu achunguzwe kupe, na alindwe na mbung'o wenye kuleta ugonjwa wa malale ya wanyama. Afungiwe uani, maana pua itampeleka mbali. Maisha yake si marefu: wengi hawapiti miaka 10.

Jambo moja linahusu kila mbwa wa Kasugho, hata yule wa mawindo anayelala jikoni. Ni kichaa cha mbwa. Zamani walioumwa na mbwa wa kichaa walikwenda kuhiji Saint-Hubert. Waliwekewa katika ngozi ya paji la uso uzi mdogo wa stola ya mtakatifu, wakasali novena. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alianza kumchanja kijana Joseph Meister, akapona. Mungu husikia sala pia kwa mikono ya waganga. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ileile, wala asingoje dalili, kwani zikionekana dawa hakuna. Na mbwa wachanjwe kila mwaka.

7. Mkate wa watoto

Limebaki swali ambalo waamini wetu hutuuliza baada ya Misa, nao wana haki ya kujibiwa: ni vema mbwa apewe nyama, na mtoto wa jirani alale na njaa? Katekisimo ya mwaka 1992, namba 2418, yajibu pande mbili. Kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu. Na ni haya kutumia kwa ajili yao mali ambayo ingepasa kwanza kuondoa taabu ya watu. Mbwa mwenye kumsaidia mlinzi kurudi nyumbani hai, na kuzuia pembe zisigeuzwe kuwa bunduki za kuwaua watu wetu, anakula mshahara wake. Lakini mbwa wa fahari, katika kijiji chenye njaa, ni lawama.

Tena tusimdai mbwa kazi isiyo yake. Pua yake inaweza kutufikisha kwenye mlango wa mtu aliyeua mnyama. Haiwezi kutuambia kama ni mfanya biashara ya pembe mwenye silaha, ao ni baba wa Lubero aliyekimbia vita, akaacha shamba lake, akatega mtego ili watoto wale. Kutofautisha hao wawili ni kazi ya hakimu, ya mkubwa wa parke na ya padri. Mmoja anapaswa kuhukumiwa. Wa pili anapaswa pia kuonywa, lakini anahitaji kwanza shamba na amani; tukimfuata kwa mbwa tu, kesho atarudi msituni kwa njia nyingine.

Katika kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anasafiri pamoja na malaika Rafaeli, na mbwa anawafuata. Andiko halisemi mbwa yule alifanya nini. Alikwenda nao tu, na akarudi nao. Katika mlima wa Tshiaberimu na katika msitu wa Tayna kuna vijana wetu wenye kutembea usiku kuwalinda viumbe wa Mungu, wengi wao wamebatizwa katika parokia zetu. Tarehe 3 Novemba, tukimtaja Mtakatifu Huberto katika Misa, tuwaombee hao kwa majina yao, na pamoja nao tuwaombee wale wanaowafuata.