Sarafu za Kale na Daftari Lake

Ukiingia katika nyumba za zamani za Mji wa Kale wa Mombasa, utaona zidaka zilizochongwa katika kuta zake. Humo wenyeji waliweka sahani za Kichina na vitu vingine vya thamani, ili mgeni avione na mwenye nyumba avilinde. Kuonyesha na kuhifadhi yalikuwa mambo mawili yaliyokaa mahali pamoja. Leo tutazame kitu kingine kinachostahili heshima ya kidaka, nacho ni sarafu kuukuu. Na mazungumzo yetu yaanze Makupa.

Makupa ni mlango wa kisiwa. Zamani, maji yalipokupwa, watu walivuka hapo kwa miguu baina ya kisiwa na bara, na Wareno walijenga ngome ndogo za kukilinda kivuko hicho. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 nayo ilielekea bara kwa njia ya Makupa. Mahali wapitapo watu na bidhaa, fedha nazo hupita. Kwa hiyo si ajabu kijana wa Makupa akifungua kasha la nyanya yake, akakuta kopo lenye sarafu zilizosahauliwa.

Tuseme kijana huyo ni wewe. Ukizimwaga sarafu hizo juu ya mkeka, waweza kuona riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa mwaka 1780, walakini usidanganyike: riale hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada ya malkia kufa, kwa kuwa wafanya biashara hawakuamini nyingine. Pembeni yake waweza kuona rupia ya Kihindi, iliyotumika pwani hii hadi mwaka 1920. Yamkini ipo pia pesa ya shaba yenye jina la Mombasa, ya mwaka 1888, sawa na 1306 wa Hijria. Hiyo ilitolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa kabla ya serikali yao kushika hatamu mwaka 1895. Ina picha ya mizani, alama ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea katika pesa za Sayyid Barghash wa Unguja. Mgeni aliyetaka kuaminiwa aliona heri aseme kwa alama ya wenyeji.

Zipo tena senti zenye tundu. Itazame ya senti 10 ya mwaka 1936. Ikiwa ina jina la Edward VIII, basi umeshika kumbukumbu ya mfalme aliyekaa kitini kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba ya mwaka huo huo.

Sasa yaja hatari. Mtu akiona sarafu imefanya weusi, mara hutaka kuisugua kwa ndimu, ukwaju au majivu, kama asuguavyo sinia la shaba. Tafadhali usifanye hivyo. Rangi ile ya uzee ni ngozi ya sarafu. Ukiisugua, waondoa na maandishi pamoja nayo, wala hayarudi tena. Adui wa pili ni hewa yetu yenyewe, yenye unyevu na chumvi ya bahari. Mwaka 1907 na 1908 serikali ya kikoloni ilitoa senti na nusu senti za alumini. Zikaharibika upesi katika hali ya hewa ya nchi hizi, na mwaka 1909 zikatolewa za madini mengine, shaba iliyochanganywa na nikeli. Ikiwa serikali ilishindwa na hewa hii, wewe nawe huna budi kujihadhari.

Basi ishike sarafu kwa ukingo wake, si kwa uso. Kila moja uitie katika bahasha yake ndogo ya karatasi kavu, zisigongane. Na ujiepushe na plastiki laini, maana huacha mafuta yanayokula shaba. Ziweke kabatini, mbali na jiko na bafu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Za kuonyesha zichague chache, uziweke nyuma ya kioo, katika ukuta usiopigwa na jua. Zilizobaki zipumzike gizani. Na ukifukua ardhini kitu cha kale, si chako kukificha: sheria ya mwaka 2006 yataka Makumbusho ya Taifa yaarifiwe.

Hata hivyo, kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kuandika. Mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akazitia katika kopo. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu, ikabainika kuwa nne ni za Kiholanzi, na tano ni za shaba zilizopigwa Kilwa, katika pwani yetu, mamia ya miaka kabla. Zilifikaje huko? Wataalamu wangali wakijadiliana. Lakini Isenberg alikuwa ametia alama ramanini mahali alipoziokota. Na mwaka 2013 watafiti waliifuata alama hiyo hadi kisiwani. Bila alama ile wangalitafuta wapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni, ukiwa Makupa au kwingineko, keti na nyanya yako, mfungue lile kopo pamoja. Mwulize kila sarafu aliipata wapi, kwa nani, na mwaka gani, nawe andika. Kopo laweza kungoja miaka mingine mingi, nyanya hawezi.